Landirova ya Mjane: Mkwe Haangalii, Gia Boksi Haingoji

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Klementina amelala chali chini ya landirova, gia boksi imemkalia kifuani, na mtu anabisha hodi getini. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Msomaji mmoja wa Katandala amenitukana kwa meseji tatu kwamba nimemuua mjane wa watu. Mwingine amenitumia rambirambi.

Tulieni. Hajafa. Nikimuua sasa, wiki ijayo nitawasimulia nini?

Ukweli ni kwamba cheni ya kunyanyulia iliteleza, gia boksi ikashuka, ikatua juu ya tairi kuukuu ambalo Klementina alikuwa ameliweka hapo kwa tahadhari. Tairi ndilo lililobeba uzito. Kilichobanwa ni ovaroli. Na ovaroli ilikuwa ya marehemu mumewe, Leonardi, mwanaume aliyekuwa na kifua mara mbili ya mkewe, kwa hiyo kitambaa kilikuwa kingi na kilibanwa chote. Mama wa watu hakuweza hata kujigeuza.

"Hodi!" ikaita tena ile sauti.

"Karibu! Karibu haraka!"

Geti likafunguka, akaingia Kija.

Kwa wanaoanza kusoma leo: Kija ni fundi wa matrekta na mapawatila hapa Sumbawanga mjini, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Ni yeye na Klementina ambao wamekuwa wakiifufua landirova hii uani kwa Klementina, mtaa wa Chanji, chini ya banda la mabati lililokuwa la kuwekea mahindi. Kija ana mikono ya kunyanyua injini peke yake. Mngedhani matatizo yameisha.

Yalikuwa ndiyo yanaanza. Kija ni mchumba wa Angela, binti pekee wa Klementina. Mwezi uliopita posa ilipokelewa, na tangu siku hiyo Klementina si mteja tena, ni mama mkwe. Na kwa mila za mzee Shigela, baba yake Kija, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, hasemi naye ana kwa ana, na wala hasogei mahali mama mkwe alipolala. Chini ya gari, nadhani, nako ni mahali.

Kija aliona buti mbili za mpira zimechomoza chini ya landirova. Akageuka pale pale, akautazama ukuta.

"Shikamoo mama," akauambia ukuta.

"Marahaba. Kija, nimebanwa!"

"Poleni sana, mama."

"Pole hainyanyui gia boksi!"

"Ni kweli, mama. Angela yupo?"

"Angela yuko kwa jirani Bertha, anasukwa. Au unataka nikae hapa mpaka amalize?"

Kija akawaza. Naapa kwa kalamu yangu, aliwaza.

"Anasukwa mtindo gani, mama?" akauliza.

Klementina akatamka neno la Kifipa ambalo mhariri amelikata.

Hapo kijana akaona hakuna jinsi. Akaanza kurudi kinyumenyume, macho ukutani, kisigino kikitafuta njia kati ya spana na makopo ya grisi. Akaifikia cheni. Akaipapasa kwa nyuma ya mgongo, akaishika, akavuta bila kugeuza shingo hata kidogo. Gia boksi ikanyanyuka. Klementina akajiburura nje, akasimama, akajikung'uta.

"Asante, mwanangu."

"Asante ni kwenu, mama," Kija akaujibu ukuta.

Kabla ya posa alikuwa fundi wa kweli huyu. Walikuwa wanagombana yeye na Klementina kwa ajili ya spana moja ya kumi na tisa mpaka majirani wanatoka nje, na kazi inakwenda. Posa ndiyo iliyomharibu.

Sasa tukumbushane kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na miwili analala chini ya gari badala ya kuwa sokoni anauza ulezi wake. Leonardi alipofariki, ukoo ulikaa nyumbani kwao Mwimbi kugawa vitu. Kaka yake mkubwa, mzee Teodori, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo, akasema lile si gari, ni chuma chakavu, na chuma ni cha ukoo. Klementina akasema ni gari. Wazee walikuwa na kiu na pombe ilikuwa imeshachujwa, kwa hiyo wakaamua haraka: likifika Mwimbi kwa magurudumu yake, bila kukokotwa wala kupakiwa, kabla kikao cha kufunga msiba hakijaanza, ni la mjane. Lisipofika, ni la ukoo. Na ukoo, kwa tafsiri ya Teodori, ni Teodori.

Kikao chenyewe ni kesho, Jumapili, saa kumi jioni.

Klementina hakulitaka gari kwa fahari. Kwenye usukani ule ndiko Leonardi alikomfundisha kuendesha, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, akimcheka mpaka anafuta machozi. Na bila gari, kila msimu angelazimika kwenda kwa Teodori kumwomba ambebee ulezi kutoka shambani. Alishamwomba mara moja. Alisubirishwa siku nne na mvua ikanyesha juu ya magunia. Hakutaka kumwomba tena mpaka anaingia kaburini.

Basi.

Angela akarudi mbio, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Aliposikia mama yake alibanwa, alimgeukia mchumba wake kwa hasira.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafakari," akasema Kija.

Angela akampita. Akachukua kanga, akaitundika kwenye kamba iliyokatiza katikati ya banda, na kazi ikaendelea kwa utaratibu wao wa mwezi mzima: Klementina juu, ndani ya gari, pale viti na sakafu vilipong'olewa. Kija chini. Kanga katikati. Na kwa kuwa Kija haruhusiwi kusema na mama mkwe, alisema na gari.

"Gari," akasema kwa adabu kutoka chini, "ungezungushwa flenji kidogo, shafti ingeingia kwenye klachi."

"Gari," akajibu Klementina huku anakizungusha kile kisahani cha chuma nyuma ya gia boksi, "mwambie huyo aliye chini asukume."

"Gari, robo nyingine tu."

"Gari, robo imekwisha! Asukume!"

"Mngekuwa mnasema na mimi basi," akasema Angela. "Mimi angalau nina masikio."

Gari halikuchangia. Lakini mara kukasikika mlio mzito, shafti ikazama, na gia boksi ikakaa kwenye injini sawasawa. Klementina akapiga kigelegele. Kija akapiga makofi, upande wake wa kanga. Kufikia saa saba mchana bolti zote zilikuwa zimekazwa, propela ya nyuma, fito ya chuma inayopeleka nguvu magurudumuni, imefungwa, oili imemiminwa, sakafu na viti vimerudi mahali pake. Miezi kumi na moja ya kusaka beringi, kusafisha meno ya gia kwa mafuta ya taa na kuungua vidole ilikuwa imefika mwisho.

Ndipo ikasikika pikipiki.

Mzee Teodori aliingia nayo mpaka uani bila kubisha, akaiegesha nyuma kabisa ya landirova, mahali ambapo mtu mwenye akili asingeegesha. Pikipiki nyekundu, mpya, nailoni ya kiti bado haijatolewa.

"Shikamoo baba mkubwa," akasema Angela.

"Marahaba. Nusu ya kichwa umeikodisha?" Akamgeukia Klementina. "Shemeji, chuma chetu hakijambo?"

"Gari langu halijambo, shemeji."

"Nimekuja kuwajulisha tu. Kikao kimesogezwa. Si saa kumi jioni tena, ni saa tatu asubuhi, mara baada ya misa ya kwanza."

"Nani amekisogeza?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti si wewe?"

"Ndiyo," akasema Teodori bila kupepesa. "Nilimshauri, akakubali."

Klementina alihisi damu inampanda kichwani. Lakini alikuwa ameshinda. Gia boksi ilikuwa imeingia. Akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Hata mngesema saa kumi na mbili alfajiri tungefika," akasema. "Simama hapo utazame."

Akapanda. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Halafu akawasha.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka! Moshi ukajaa banda zima, kuku wakatawanyika, na kichwa cha jirani Bertha kikatokea juu ya ua, kimetanguliwa na simu inayorekodi. Kija akatoka chini ya gari akasimama ukutani kwake. Klementina akakanyaga klachi, akaingiza namba moja, akaachia.

Gari likarudi nyuma.

Halikurudi kidogo. Liliruka, likaikumba pikipiki, likaipanda. Klementina akakanyaga breki. Akadhani amekosea gia. Akatazama, akaitoa, akaingiza namba mbili kwa uangalifu, akaachia.

Gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likamalizia kilichobaki cha pikipiki.

"Mama, simama!" Angela akapiga kelele.

Klementina akajaribu namba tatu, nyuma. Kwa kukata tamaa akaingiza rivasi. Landirova ikaanza kusogea mbele, polepole, gia zikilia kwa uchungu, ikaenda hatua tano, kisha mkono wa gia ukachomoka wenyewe na gari likasimama.

"Uwiii!" akalia Bertha juu ya ua. "Gari linatembea kinyume! Jamani, mambo haya ya Sumbawanga!"

Wasomaji wa mikoa mingine, tumewasikia mnavyocheka. Futeni mawazo hayo. Hapakuwa na uchawi wowote pale uani. Palikuwa na kitu kibaya zaidi: palikuwa na adabu.

Mzee Teodori akavua helmeti. Mngetarajia ailie pikipiki. Hata hakuitazama. Usoni alikuwa amefurahi waziwazi, akajaribu kuficha, akashindwa.

"Marehemu amekataa," akasema. "Mdogo wangu Leonardi anavuta gari lake nyuma. Hataki litoke humu. Wazee watalisikia hili kesho asubuhi, neno kwa neno."

Klementina alishuka. Akapiga magoti nyuma ya gari, akatazama chini. Harufu ya dagaa ikampiga puani, na hapo hapo akaelewa kila kitu.

Ile ekseli ya nyuma. Ya asili ilikuwa imekatika, na wiki tatu zilizopita wakapata nyingine iliyotoka kwenye pikapu ya Kirando, pikapu iliyobeba dagaa maisha yake yote na chuma chake kikakubali harufu. Tatizo, difu la ekseli ile, lile tufe la gia propela inapoingilia, lilikaa kushoto, na la landirova hukaa kulia. Klementina, kwa akili zake mwenyewe, akaipindua ekseli chini juu, difu likahamia kulia, akakata vikalio vya springi, akavichomelea upande wa pili, na propela ikakaa pazuri kabisa. Alijisifu siku mbili.

Sasa chukueni saa ya ukutani muitazame kwa nyuma. Mishale inakwenda kinyume. Ekseli ukiipindua chini juu, magurudumu nayo yanakufanyia hivyo hivyo. Landirova ya Klementina ilikuwa imepata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

"Kija," akaita, bila kupitia kwa gari.

Kija akausogelea ukuta.

"Kija! Siku ile naipindua ekseli, ulijua?"

Fundi aliukazia macho ukuta kana kwamba kuna maandishi.

"Nililiambia gari, mama," akasema mwishowe. "Mara tatu."

"Lini?"

"Mlikuwa mnapiga nyundo."

"Sasa kwa nini hukupaza sauti?"

"Kumpazia sauti mama mkwe?" Kija alishtuka kwa dhati. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Angela akaketi juu ya tairi kuukuu. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu unajua, Kija!"

Klementina hakuwa na nafasi ya kulia. Alikuwa anahesabu saa. "Propela ya mbele!" akasema ghafla. "Tutoe ya nyuma, tufunge ya mbele, gari livutwe na magurudumu ya mbele. Ya mbele iko wapi?"

Macho yote yakamwangukia Teodori, maana baada ya mazishi ndiye aliyejitolea kutunza vifaa vya marehemu. Teodori akatazama mawingu.

"Iko salama," akasema.

"Salama wapi?"

"Kwenye mashine yangu ya kusaga kule Mwimbi. Inazunguka vizuri sana. Njooni mwione."

"Na kuirudisha ekseli ilivyokuwa?" Angela akamuuliza Kija.

"Kukata tena, kuchomelea tena. Siku mbili."

Saa nane mchana. Kikao kesho saa tatu asubuhi.

Ilibaki rivasi. Gia moja tu, ya kwenda mbele mwendo wa kutembea, mpaka Mwimbi, safari ya usiku kucha, na gia yenyewe inachomoka usipoigandamiza chini kwa nguvu muda wote. Dereva hawezi kushika usukani na kuigandamiza. Angela akajaribu kuishika, gia ikamtupa mkono mpaka akajigonga kwenye mlango. Mikono ya kuiweza ilikuwa miwili tu hapo uani, na mwenye mikono hiyo alikuwa anatazama ukuta.

Teodori naye alishapiga hesabu. "Mkono wa gia uko katikati," akasema taratibu. "Mshika gia atakaa bega kwa bega na dereva. Mkwe na mama mkwe, kupita katikati ya mji, mchana kweupe. Mzee Shigela atafurahi sana. Nasikia hana mchezo na mila."

Hapo Klementina alifika mwisho. Akaishika kanga, akaivuta mpaka kamba ikakatika, akaikunja, akamrushia Angela.

"Kija. Geuka."

"Mama, siwezi."

"Geuka uniambie ukweli mara moja tu, halafu utazame ukuta mpaka uzeeke. Hiyo rivasi itafika Mwimbi?"

Kija akamtazama Angela. Angela alifuta machozi kwa ile kanga.

"Mimi nataka mume anayesema," akasema.

Kijana akavuta pumzi. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu posa alimwona mama mkwe wake usoni: grisi puani na macho mekundu. Akaona huruma na aibu kwa pamoja.

"Mama, ekseli mliipindua vibaya," akasema. "Mimi nilikosea zaidi, nilinyamaza. Rivasi haikutengenezwa kwa safari. Tukiipumzisha kila kijiji, ipoe, huenda ikafika."

"Huenda?"

"Huenda, mama."

"Panda."

Wakatoka getini. Landirova ililia kwa sauti moja nyembamba ambayo iliamsha watoto wachanga wa mtaa mzima. Klementina kwenye usukani, Kija katikati na mikono yote miwili juu ya gia, Angela nyuma na ndoo ya maji. Bertha akawarekodi mpaka walipokata kona, kisha akaituma video kwenye magrupu yote sita aliyomo.

Mzee Teodori akawa anatembea kando ya dirisha la dereva, mikono mgongoni, bila hata kuhema.

"Naweza kuwasindikiza mpaka Mwimbi hivi hivi," akasema. "Tutaongea mengi njiani."

Klementina akakaza macho barabarani. Kwenye lami Teodori akachoka kungoja, akasimamisha bodaboda, akapanda, akapunga mkono. "Nawahi kuandaa viti!"

Mjini ilikuwa kama ilivyotarajiwa, yaani vibaya zaidi. Madereva wa bodaboda waliwazunguka, wakawasindikiza kwa honi.

"Mama, mambo! Hiyo gari inaumwa wapi?"

"Poa tu! Inajifungua!" akajibu Klementina.

"Mshikaji, shika gia hiyo! Usiiachie!"

Jasho lilimtiririka Kija na baridi yote ile ya Ufipa. Bega lake lilikuwa limebanana na bega la mama mkwe na hapakuwa na pa kusogea. Alikodolea macho mkono wa gia na hakuyainua. Lakini Klementina, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Aibu ilikuwepo, na rivasi ilimpasua masikio, ila gari la Leonardi lilikuwa linakwenda mbele na yeye ndiye aliyelishika. Akajikuta anatabasamu peke yake.

Wakaumaliza mji. Nyumba zikapungua, mashamba yakafunguka pande zote mbili, na mbele yao kikasimama kilima cha kwanza.

Angela akashuka. Akaokota jiwe kubwa, akawa anatembea nyuma ya tairi, tayari kuliweka gari likigoma. Landirova ikaanza kupanda. Mwendo ukapungua. Chini ya sakafu gia zilianza kugonga.

Simu ikalia kwenye mfuko wa shati la Kija.

"Pokea," akasema Klementina.

"Siwezi kuiachia gia, mama."

Ikakatika. Ikalia tena. Ikakatika, ikalia mara ya tatu. Klementina akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akauingiza mwenyewe kwenye mfuko wa mkwe wake, jambo ambalo hakuna mila duniani inayoliruhusu, akaitoa simu. Kwenye kioo paliandikwa BABA. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Kija," ikasema sauti nzito, isiyo na haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimetumiwa video. Kuna kijana amekaa bega kwa bega na mama mkwe wake, anapita naye mjini watu wanawapigia honi. Amefanana na wewe sana."

"Ni mimi, baba."

"Shuka."

Kija akabaki na mikono juu ya gia.

"Shuka kwenye gari hilo sasa hivi. Usiposhuka, kesho natuma wazee Chanji wakaichukue posa. Sitarudia."

Klementina alitazama kilima. Alitazama kioo cha pembeni: Angela anatembea kwenye vumbi na jiwe lake, nywele nusu, hajui kinachosemwa. Kija akiiachia gia, safari imeishia hapo hapo, gari ni la Teodori. Kija asipoiachia, binti yake hana ndoa. Alidhani uamuzi kama huo ungehitaji siku nzima. Haukuhitaji hata nusu dakika, na ulimuuma kuliko mazishi.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Achia gia. Gari ni gari tu."

Alikuwa anasema uongo, na machozi yalimshuka huku anausema.

Kija hakuachia. Aliigandamiza gia chini zaidi, mpaka mishipa ya mikono ikamsimama, akainua kichwa akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilimnyamazia mama huyu mara moja kwa heshima, nikamharibia kila kitu. Leo sinyamazi. Sishuki."

Ilisikika rivasi tu, na mawe yakisagika chini ya matairi. Kilima kilikuwa kimebaki nusu. Klementina alidhani mzee amekata.

"Mama mkwe wako anasikia?" ikauliza sauti.

"Anasikia, baba."

"Basi usinijibu wewe. Mpe simu. Nataka kusema naye mwenyewe."

Klementina akaisogeza simu mdomoni, na chini ya mikono ya Kija mkono wa gia ukaanza kuinuka.